Goti Langu Mtandaoni

Mgonjwa wa kwanza kuingia nyumbani kwangu alikuwa Mzungu mwenye kipara na kaptula ya bluu, na makazi yake yalikuwa ndani ya kompyuta. Mjukuu wangu akimbonyeza jicho, jicho linafumba. Akimbonyeza mdomo, anatoa ulimi. Akimbonyeza goti, mguu unaruka, kisha kompyuta inapiga makofi na kuleta alama ya vema ya kijani. Hajawahi kusema amechoka. Hajawahi kuuliza chakula kinaiva saa ngapi. Hana ndugu waliojazana mlangoni mwa wodi na chupa za uji. Siku moja nilimkodolea macho, nikasema, "Mke mwenzangu, mwanaume wa namna hii ningempata mimi, ningeolewa tena kesho."

"Bibi, huyu ni mchoro."

"Marehemu naye angekuwa mchoro, tungeishi kwa amani."

Namwita mke mwenzangu kwa sababu ndivyo tulivyolelewa: mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. Kwa hiyo mimi na yeye tuliolewa na mtu mmoja, kuli wa bandarini, mtu wa sauti, ambaye alitangulia mbele ya haki akatuachia nyumba tugombanie. Mimi nina ruhusa ya kumsema nitakavyo, na yeye ana ruhusa ya kunijibu. Na ananijibu kweli. Ila nje ya hapo, mtu yeyote aliyemzidi umri, hata kama ni konda tu mwenye mvi mbili, akimwangalia vibaya yeye anainama. Hilo ndilo lililotaka kumfukuzisha chuo, na ndilo ninalotaka kulisimulia, maana huku mtaani limeshasimuliwa na watu wasiokuwepo.

Alikuwa mwaka wa nne wa udaktari, na somo lenyewe lilikuwa la mishipa ya fahamu: ubongo, uti wa mgongo, na zile nyuzi zinazopeleka habari mpaka kwenye kidole gumba cha mguu. Mwalimu wao alikuwa bingwa, sikatai, ila alikuwa bingwa wa mbali. Alikwenda Ulaya kuongeza masomo, na chuo kikaona badala ya kuhangaika kutafuta mwingine, afundishe hukohuko aliko, kwa mtandao. Nilipoambiwa nilicheka mpaka nikakaa chini. Mimi niliishia darasa la nne, lakini mwalimu wangu nilimwona mpaka meno ya nyuma, na fimbo yake haikuhitaji bando.

Nyumba yangu iko mtaa wa nyuma ya Msimbazi. Ni nyumba ya chini, ya vyumba sita na ua, imebanwa na maghorofa kama mtoto aliyelala katikati ya wazazi wanene. Chumba cha mbele amepanga Mchaga mmoja anayeuza chaja na makava ya simu. Kila mtu anamwita Mangi, na yeye ndiye aliyetupa namba ya siri ya intaneti yake. Barazani upande mmoja nauza viungo mimi, iliki, mdalasini, binzari, karafuu. Upande wa pili ameweka cherehani fundi mmoja mzee wa Lindi, anashona sare za shule na kunichunguza maisha yangu.

Kipindi kilianza saa nne asubuhi, na saa nne asubuhi Kariakoo hainong'oni. Wabeba mizigo wanapita na mikokoteni wakitishia watu miguu, na machinga wana vipaza sauti vinavyosema peke yao, mwenye mali amekaa zake anakula mihogo. Siku moja mjukuu wangu alisahau maiki wazi. Mwalimu alikuwa katikati ya kueleza kiharusi, sauti imemshuka kwa uchungu wa somo, mara likaingia darasani tangazo la nje: "Boksa za ndani, boksa za nje, bei ya kutupa, wahi boksa!"

Mwalimu akakiacha kiharusi chake. Halafu akauliza, "Nani anauza boksa darasani kwangu?"

Mtoto wa watu alijifunika uso kwa kitenge. Mimi nilipita nyuma yake na ungo wangu, nikainama kwenye kamera nikasema, "Ni huku kwetu, mwanangu. Unataka saizi gani?" Mjukuu wangu hakusema nami mpaka jioni.

Mwalimu mwenyewe nusu ya kipindi alikuwa anauliza kama anasikika. Mnanisikia? Mnanisikia jamani? Kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba ya viziwi. Nyuma yake kulikuwa na kabati la vitabu, zuri, vitabu vimepangwa kwa rangi, na kila akigeuka sikio lake linamezwa na kabati. Niliuliza ni uchawi gani huo. Nikaambiwa kabati si kabati, ni picha tu, nyuma ya picha huenda kuna jiko. Nikasema haya: mgonjwa ni mchoro, vitabu ni picha, mwalimu ni sauti inayokatika. Akitoka daktari wa kweli hapo, tumshukuru Mungu.

Lakini mtoto alikuwa anasoma. Hilo lazima niliseme, nisije nikaonekana nasema tu. Yule mwenye kipara alimbonyeza mpaka angekuwa na ngozi angechubuka. Mitihani ya kwenye kompyuta aliipasua yote, makofi yakawa yanalia chumbani kama kuna harusi, na mimi nikawa nazitembeza habari hizo barazani kutwa nzima. Ukinunua iliki, unaondoka na maksi za mjukuu wangu. Fundi akaniuliza, "Bi mkubwa, huyo mtoto ameshamgusa mgonjwa lakini?" Nikamwambia ashone.

Kumbe ameuliza la maana, na sikumpa sifa hiyo wakati ule wala simpi sasa.

Siku ya mtihani wa vitendo waliitwa wodini. Kila mwanafunzi akapewa kitanda, na madaktari wawili wa hapo chuoni wakasimama na kalamu. Mjukuu wangu akaangukia kwa mzee mmoja wa makamo ya fundi, kavaa koti juu ya shuka la hospitali, macho makali. Alimsalimia vizuri kabisa, maana nimemlea mimi. Baada ya salamu akaganda. Kazi yake ilikuwa kumwambia mzee yule atoe ulimi, aonyeshe meno, akaze ngumi, afumbe macho kwa nguvu, avute mguu, asukume mguu. Midomo ikakataa.

Alinisimulia akilia, kichwa mapajani kwangu. "Bibi, nitamwambiaje mtu mzima nitolee ulimi?"

"Si unamwambia toa ulimi?"

"Alinitazama."

"Sasa akutazame nani, ukuta?"

"Akaniambia, 'Mwanangu, mimi nimechoka. We andika tu nguvu ziko sawa.'"

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nikaandika ziko sawa."

Mkono wa kushoto wa mzee yule ulikuwa hauna nguvu hata ya kushika kikombe. Ndiyo maana alikuwa hospitali. Kila aliyepita pale wodini alijua, mpaka mfagizi, ila daktari wetu wa makofi aliandika ziko sawa.

Nilimcheka. Sijui kujizuia. Nikamuuliza angekuwa marehemu babu yake amelala pale, naye angeandika yuko hai? Halafu nikaona analia sivyo, analia bila sauti, nikaacha kucheka. Akanieleza. Amepata sapu, yaani mtihani wa marudio. Akiupata tena vibaya anadisko, na kudisko kwa lugha yao hakuna muziki ndani yake: unafukuzwa, miaka minne inakwenda na maji, unarudi nyumbani kuuza viungo na bibi yako. Kuuza viungo ni kazi, imesomesha watu. Lakini sikumsomesha aje kunipunja nafasi barazani.

Kwa hiyo tukaanza mazoezi, na wa kwanza alikuwa fundi. Nilimsukuma mtoto mgongoni mpaka mbele ya cherehani. Akasimama vidole vimeshikana.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Samahani babu kwa usumbufu, najua una kazi, na kama hutojali, na si lazima, ila kama utakuwa na nafasi, nilikuwa naomba, yaani kama inawezekana..."

Fundi akaweka mkasi chini. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi. "Bi mkubwa, huyu umemtuma kuniletea posa?"

Mangi alikuwa mlangoni, alicheka mpaka chaja zikamdondoka. Mtoto alipofanikiwa kutaja ulimi, fundi akasema mara ya mwisho kuutoa alichapwa na baba yake, na tangu hapo hauendi mahali. Mtoto akasema, "Sawa babu, asante," akageuka. Nilitaka kumpiga na mwiko.

Ikaja taarifa ya mwalimu. Kwa kuwa yeye yuko mbali, marudio yatafanyika kwa mtandao: kila mwanafunzi atafute mtu mzima wa nyumbani, mwenye umri mkubwa, ampime mbele ya kamera huku mwalimu akitazama. Asije kijana. Nasikia wenzake wengine wa sapu waliangalia mvi za kina mama wanaowafulia na kuwapikia, wakawakalisha hao, kwa sababu anayelipwa mwisho wa mwezi hakatai kutoa ulimi. Wajanja hao. Mimi nikasema mtu mzima wa nyumba hii ni mimi, na atakayekuja kukaa kwenye kiti hicho badala yangu aje na mwanasheria.

Mambo mengine yalikwenda vizuri. Puani hakuna tatizo: alinifumbisha macho akaninusisha kimoja kimoja kutoka kwenye meza yangu mwenyewe. Nikamwambia hii ni mdalasini, na hii ni karafuu, na hii ni iliki lakini si ya kwangu, ni ya yule jirani wa upande wa pili, imelala. Akasema, "Bibi, jibu ni iliki tu." Nikasema mwalimu ana haki ya kujua.

Tatizo lilikuwa goti. Unakaa juu, miguu inaning'inia, daktari anakugonga chini ya goti na kinyundo cha mpira, na mguu unatakiwa uruke wenyewe. Nilikaa juu ya meza nimevaa dera, na juu ya dera nimejifunga kanga, na juu ya kanga nyingine, kwa sababu mimi ni mtu mzima na siwezi kumkalia mtu mbele na miguu ikining'inia bila kujifunga. Akagonga. Kimya. Akagonga tena. Kimya.

"Bibi, magoti yako hayaruki."

"Yaruke yaende wapi?"

Hakucheka. Nilimwona akiitazama ile kanga, halafu akayaondoa macho haraka kama mtu aliyechungulia chumba kisicho chake. Alijua. Mimi nilijua kwamba alijua. Alichotakiwa ni kusema bibi, fungua hiyo. Akasema, "Labda ni mimi sigongi vizuri," akaenda kumbonyeza tena yule Mzungu, na mguu wa Mzungu ukaruka, na makofi yakapigwa.

Hapo ndipo nilipoamua kwamba magoti yangu yataruka.

Nilijifundisha mwenyewe chumbani, mlango nimeurudisha. Nakaa kitandani, najigonga na mwiko, natupa mguu. Mwanzoni nilitupa sana, kandambili ikaenda dirishani. Fundi akaita kutoka nje, "Bi mkubwa, unampiga nani teke?" Nikamjibu kwamba nayapiga maswali yake. Nikaendelea mpaka ukawa mruko wa heshima, si mkubwa wala mdogo, kama ule wa kwenye kompyuta. Mtu asiniambie huo ni udanganyifu. Mangi alizima intaneti kwa wateja wake wote siku ya marudio ili sisi tupate, akamsogeza machinga wa boksa mpaka kona ya pili kwa kumpa chaja. Kila mtu alitoa alichokuwa nacho. Mimi nilikuwa na miguu.

Siku yenyewe nilioga, nikajifukiza udi, nikavaa dera jipya la zambarau na kanga doti nzima. Kompyuta iliwekwa juu ya beseni lililofunikwa, ili kamera ituone mpaka miguuni. Mwalimu akatokea na kabati lake la uongo. Pembeni, kwenye kidirisha kingine, kulikuwa na mama mmoja wa hapo chuoni, miwani, hasemi.

"Mnanisikia?"

"Tunakusikia, mwalimu," akasema mjukuu wangu.

"Haya, tuanze."

Nikasema, "Huyu kafunzwa na nani, anaingia nyumba ya watu bila salamu?"

Kola ikanyooshwa kule Ulaya. Halafu mwalimu akasema, "Shikamoo bibi. Samahani."

"Marahaba mwanangu. Kula, umekonda."

Basi tukaanza. Na mimi nilikuwa nimeamua kumrahisishia. Yule Mzungu akibonyezwa anafanya; mimi nitafanya kabla ya kubonyezwa. Mtoto akafungua mdomo, "Bibi, naomba, kama utaweza..." nikatoa ulimi. Akasema, "Sasa bibi, samahani..." nikaonyesha meno, yote yaliyobaki. Nikafumba macho, nikakaza ngumi, nikapandisha mabega, nikashusha. Hakuwa amemaliza sentensi hata moja. Nilijiona nafanya vizuri sana. Ulikuwa mtihani mwepesi, nikashangaa watu wanafelije.

Tukafika magotini. Akachukua kinyundo. Nikatazama mbele kwenye kamera, shingo imenyooka, ili nionekane sina habari. Nikahisi mkono wake umekuja, nikatupa mguu.

Ulikuwa mruko mzuri. Tatizo ni kwamba kinyundo kilikuwa bado hewani.

Mwalimu akakohoa. "Rudia."

Mtoto akagonga, safari hii kweli, kwenye fundo la kanga, goti la kushoto. Mimi nikatupa wa kulia.

Nje ya dirisha nikamsikia fundi anapaliwa. Alikuwa amesimama pale muda wote, mzee mzima, anachungulia mtihani wa watu.

Mwalimu hakucheka. Afadhali angecheka. Alisogeza uso mpaka akajaa kioo chote, akasema taratibu, "Daktari, niambie. Umeona nini kwenye goti la mgonjwa wako?"

Mjukuu wangu akawa kama siku ile ya wodini. Nilimwona. Kinyundo kifuani, macho chini. Nami nilijua anachofikiri: akisema ziko sawa, labda itapita. Akisema si sawa, anamwambia bibi yake mzazi wa baba yake, mbele ya watu wazima wawili, kwamba bibi ni mwongo. Mtoto niliyemlea mimi halisemi hilo. Nikaona nimwokoe. Nikanong'ona bila kufungua meno, "Sema ziko sawa."

"Nimekusikia, bibi," akasema mwalimu.

Siku zote hizo hawasikiani, maiki hazifanyi kazi, mtandao umekata. Siku hiyo mnong'ono wa bibi kizee ukafika Ulaya safi kabisa.

Nilitamani meza inimeze. Mtoto akavuta pumzi. Akaweka kinyundo chini, akaja akasimama mbele yangu, akanitazama usoni, na ile sura niliifahamu mara moja. Ni sura ya marehemu akiwa anapanga watu kushusha magunia melini.

"Sijaona kitu, mwalimu," akasema. "Mgonjwa anatupa mguu kwa makusudi, na mimi nagonga nguo." Kisha kwangu: "Bibi, usinisaidie."

"Mimi nimefanya nini?"

"Usinisaidie. Ukisikia nimesema, ufanye. Sijasema, usifanye. Na hizo kanga nazifungua."

"Mbele ya mwanaume?"

"Mbele ya daktari."

"Daktari yuko Ulaya!"

"Wa hapa ni mimi," akasema, na mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye fundo.

Mimi, ambaye nimewajibu wanunuzi wa nyumba, wapiga mnada na mashemeji watatu, nikaondoa mikono yangu kwenye fundo. Akakunja kanga zote mbili na dera mpaka juu kidogo ya goti, si zaidi, akanitandikia moja mapajani ili nijistiri. Akashika mguu wangu akautikisa kama anayekung'uta mkeka. "Legeza. Bado umekaza. Legeza, bibi." Nikalegeza, akachukua kinyundo. "Sasa shikanisha vidole vyako, hivi, kama kulabu. Nikisema vuta, vuta kama unataka kuvitenganisha, na usiangalie mguu. Niangalie mimi. Leo umepika nini?"

"Nimepika nini saa ngapi? Si tuko..."

"Vuta!"

Nikavuta. Akagonga. Na mguu wangu ukanyanyuka.

Sijui nieleze vipi. Mguu huu natembea nao miaka sabini na kitu. Umepanda ngazi za maghorofa na kapu kichwani, umesimama foleni za unga, umecheza ngoma mpaka asubuhi. Siku zote hizo nilidhani ni wangu. Ukaruka bila kuniomba ruhusa. Nikashika meza kwa mikono miwili nikasema neno ambalo sitaliandika hapa, na yule mama wa miwani, ambaye hakuwa amesema kitu tangu mwanzo, alizima kamera yake haraka. Nadhani alikwenda kucheka.

"Tena," akasema mjukuu wangu. "Mguu wa pili. Vuta!"

Ukaruka na wa pili.

Halafu, badala ya kumaliza, akarudi mwanzo. Akaniambia yale ya kwanza hayahesabiki kwa sababu niliyafanya bila kuambiwa. Ulimi. Nikautoa mapema, akasema, "Rudisha. Sijasema." Nikarudisha. Jamani. "Toa ulimi." Nikatoa. Akautazama na tochi kushoto na kulia kama anayekagua samaki. Macho, mabega, ngumi, nyayo, kutembea kisigino kwa vidole kutoka mlangoni mpaka kitandani. Nilipotaka kukaa akasema bado. Hakuomba samahani hata moja. Muda wote huo mwalimu hakutuuliza kama tunamsikia, na ilikuwa mara ya kwanza.

Kompyuta ilipofungwa nilimuuliza, nikijifunga kanga zangu, lile la vidole alilitoa wapi. Nilidhani atasema amelibuni.

"Kwa yule Mzungu," akasema. "Kuna sehemu ukibonyeza mara ya pili anafanya hivyo."

Basi sawa. Nilimsema sana yule kipara, na kumbe alikuwa anafundisha. Alimfundisha vyote. Asichoweza kumfundisha ni kukataliwa, maana hana akili ya kukataa, na chuo kilichoamini kwamba mtoto atatoka kwa mtu asiye na akili ya kukataa aende moja kwa moja kwa mzee wa koti na macho makali, chuo hicho nakiachia Mungu. Mimi mwenyewe nilitaka kuwa kipara wa pili. Ningefanikiwa, mtoto angedisko.

Majibu yalikuja nikiwa natwanga binzari uani. Alitoka chumbani na simu, hakimbii, anatembea, nikajua ni mabaya. Akasimama mbele ya kinu.

"Nimefaulu, bibi."

Nilipiga vigelegele mpaka watu wa ghorofa ya nne wakafungua madirisha. Nikamwambia anisomee mwalimu kaandika nini, neno kwa neno, asiniruke.

"Kaandika kwamba nimefika pazuri mwishoni, na nina uwezo wa kumwongoza mgonjwa mgumu."

Nikasimamisha mchi. "Mgonjwa mgumu nani?"

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Mimi mgumu?"

"Bibi, ulimtoza mwalimu shikamoo ya lazima, ukamwambia amekonda, ukarusha mguu usiogongwa."

Nilitaka kukasirika. Niliweka na mikono kiunoni kabisa. Halafu nikaanza kufikiri. Wenzake waliokwenda na watu wasiokataa, hao mwalimu aliwaandikia nini? Waliongoza nani? Yeye peke yake kaandikiwa mgonjwa mgumu, na mgonjwa mgumu hapatikani dukani, hauzwi kwa bando, lazima uwe naye nyumbani.

Nikavua aproni nikatoka barazani. Fundi alikuwa anashona kola, Mangi anapanga makava. Nikawaambia mtoto amefaulu, na nikawaambia kwa nini, na nikawaambia kwamba maksi za ugumu zile, tukitaka kusema ukweli, ni za kwangu.

Fundi hakuinua macho kwenye sindano. "Hilo la ugumu, bi mkubwa, wangeniuliza mimi, mtoto asingehitaji hata mtihani."

"Na wewe shona," nikamwambia, na nikakaa pale mpaka wateja wote wa siku ile wakapata habari.